Mbio za Kuzeeka Nazo: Mwongozo Kamili wa Kukimbia Masafa Marefu Bila Kuumia

Wengi wanaoacha kukimbia hawaachi kwa uvivu. Wanaacha wiki ya tano au ya sita, mambo yakiwa yamenoga: pumzi imekuja, suruali imelegea kiunoni, usingizi ni wa pono. Mtu anajiona leo anaweza kwenda hadi mwisho wa daraja na kurudi. Anakwenda kweli, na keshokutwa anashuka kitandani akishika ukuta. Nimeongoza wakimbiaji wa kawaida hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, watu wa maofisini, wenye maduka, walimu, mama zetu waliostaafu, na karibu kila aliyeumia aliumia katika siku zake nzuri. Mwongozo huu nimewaandikia hao. Ni wa mtu anayetaka kuanza akiwa na miaka 35 na bado awe barabarani akiwa na 70.

## Kwa nini mguu huumia wakati pumzi imetulia

Moyo hujifunza haraka. Ndani ya wiki chache unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na kile kilima kilichokukata pumzi unakipanda ukiongea. Kano na mifupa vina ratiba yake. Mfupa uliopata mzigo mpya huanza kwa kuchimbwa: chembe za mwili hula sehemu iliyochakaa, kisha chembe nyingine huja kujenga upya, na mzunguko huo huchukua miezi mitatu hadi minne. Ni kama fundi aliyekuja kukarabati nyumba. Akiwa katikati ya kazi, ukuta ni dhaifu kuliko alivyoukuta. Mkimbiaji wa wiki ya sita ana moyo wa mtu aliyeiva na mifupa iliyo katikati ya ukarabati, na hapo ndipo anaongeza mbio kwa sababu pumzi imemruhusu.

Yalinikuta mimi mwenyewe. Nilijiandikisha nusu marathoni ya Moshi nikiwa na wiki tisa tu za mazoezi. Muundi wa kushoto ulianza kuniuma mahali padogo pa kufunikwa na kidole kimoja. Nikapaka dawa ya kuchua, nikaendelea. Mfupa ulipata ufa na nikakaa miezi mitatu bila kukimbia hatua moja. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyenisukuma. Ningesubiri mwaka mmoja tu, mbio zile zingenikuta tayari.

## Hatua ya 1: Kabla hujafunga kamba za viatu

Pima presha na sukari. Kama umevuka miaka 40, una kisukari au presha, umewahi kuzimia au kubanwa na kifua ukifanya kazi nzito, au ndugu yako wa damu alifariki ghafla kwa moyo akiwa kijana, muone daktari kwanza na umwambie wazi kwamba unataka kuanza kukimbia. Mwenye mwili mkubwa atembee kwa kasi wiki nne kabla ya kuanza ratiba ninayoitoa hapa chini. Kutembea huko ni mazoezi kamili, na magoti yake yatamshukuru.

Viatu visikuumize kichwa. Wengi wetu tunanunua raba za mtumba, na zipo nzuri, mradi ujue kuzichagua. Iweke raba juu ya meza tambarare, uitazame kutoka nyuma: ikiegemea upande mmoja, iache, kwa sababu imekariri miguu ya mwenzako. Bonyeza sponji ya katikati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi pembeni, imekufa hata kama soli ya chini inang'aa. Nenda kununua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na hakikisha mbele ya kidole kirefu pamebaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Raba mpya hutoa huduma ya kilomita 500 hadi 800 hivi. Zile za bei mbaya zenye bamba la kaboni ni za siku ya mashindano kwa watu waliokwisha kukomaa, hazikuhusu mwaka huu.

## Hatua ya 2: Wiki kumi na mbili za mwanzo

Siku tatu kwa wiki, kamwe zisifuatane: tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kila mara anza kwa kutembea dakika tano na malizia kwa kutembea dakika tano. Katikati fanya hivi:

Wiki ya 1 na 2: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8.
Wiki ya 3 na 4: kimbia 2, tembea 2, mara 6.
Wiki ya 5 na 6: kimbia 4, tembea 2, mara 4.
Wiki ya 7: rudi kwenye ratiba ya wiki ya 3, hata kama unajisikia simba.
Wiki ya 8 na 9: kimbia 7, tembea 2, mara 3.
Wiki ya 10 na 11: kimbia 12, tembea 2, mara 2.
Wiki ya 12: dakika 25 mfululizo.

Wiki ya saba ndiyo inayonigombanisha na watu. Wanaona nimewarudisha darasa. Lakini ndiyo wiki ninayompa fundi muda wa kuweka saruji ikauke. Ukikosa siku moja, usiifidie; endelea na inayofuata. Ukikosa wiki nzima, rudia wiki ya mwisho uliyoikamilisha.

Baada ya hapo ongeza siku ya nne, halafu iache moja kati ya hizo nne iwe ndefu, ukiiongeza dakika tano kila wiki mbili. Kila wiki ya nne punguza jumla kwa theluthi moja. Utasikia sana kanuni ya kuongeza asilimia kumi kwa wiki. Si mbaya, ila isikulaze usingizi ukadhani imekukinga. Kinachovunja watu zaidi, kwa ninavyoona, ni siku moja ya wazimu: hujawahi kuvuka kilomita 8, unakutana na rafiki, mnajikuta mmepiga 14.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Siku nne za dakika 40 zinakufikisha hapo. Zaidi ya hapo unakimbia kwa mapenzi, na mapenzi ni sababu nzuri, lakini usiwe mtumwa wa kilomita.

## Hatua ya 3: Mwendo wa mchakamchaka

Kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu, ningefundisha hili.

Waliosoma shule za msingi Tanzania wanaikumbuka mchakamchaka. Alfajiri, baridi ya asubuhi, mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia, miguu inapiga chini pamoja. Hakuna aliyebeba saa. Wimbo wenyewe ulikuwa kipimo, maana asiyeweza kuitikia amekwenda kasi kuliko pumzi yake. Kipimo hicho bado ndicho bora kuliko vyote ninavyovijua. Ukikimbia, uweze kusema sentensi ndefu nzima bila kuikata. Ukibaki na maneno mawili mawili, punguza. Ukishindwa hata baada ya kupunguza, tembea. Usione haya.

Arthur Lydiard, kocha wa New Zealand, alilijua hili mapema. Vijana wake Peter Snell na Murray Halberg walichukua dhahabu mbili za Olimpiki siku moja, Roma, mwaka 1960. Mimi namheshimu zaidi kwa alichofanya baadaye kidogo huko Auckland: alikusanya wanaume wa makamo, baadhi yao waliokwisha kuugua moyo, akawafundisha kukimbia taratibu huku wakiongea. Bill Bowerman, kocha maarufu wa Marekani, alikwenda kumtembelea mwishoni mwa 1962. Alipoingia barabarani na kundi lile, aliachwa nyuma na mzee aliyewahi kupata mshtuko wa moyo. Bowerman alirudi Oregon akaanza kuwafundisha raia wa kawaida mbio hizohizo.

Wala usidhani taratibu ni ya wazee na wagonjwa. Wageni wanaofika Iten, Kenya, juu ya bonde la ufa kwenye mita 2,400 hivi, hushangaa kuona wanariadha wakubwa wanavyoanza mbio za kupumzisha mwili: wanajikokota, wanapiga soga, miguu inaburuza vumbi. Watu hao siku ya mashindano wanakimbia kilomita kwa chini ya dakika tatu. Eliud Kipchoge alimaliza marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09, na kwa miaka mingi amekuwa chini ya kocha mmoja, Patrick Sang, kule Kaptagat. Siku ngumu zao ni ngumu kwelikweli, ndiyo maana siku nyepesi wanaziacha ziwe nyepesi. Sisi wa mjini tunafanya kinyume: kila siku tunakimbia kasi ya katikati, nzito kiasi cha kuchosha mguu, nyepesi kiasi cha kutoongeza lolote.

Kwa miezi sita ya mwanzo usifanye mbio za kasi kabisa. Baada ya hapo, mara moja kwa wiki mwishoni mwa mbio nyepesi, tafuta nyasi au uwanja wa udongo, ukimbie sekunde 20 kwa haraka lakini bila kukaza uso wala mabega, utembee dakika moja na nusu, urudie mara nne hadi sita. Inatosha.

## Hatua ya 4: Namna ya kukanyaga

Sitakuambia utue kwa kisigino au kwa vidole. Mwili wako una desturi yake na kuibadilisha ghafla kunaleta majeraha mapya. Nitakuambia uhesabu. Hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 30, zidisha kwa nne. Wanaoanza wengi wanapata 150 au 160 kwa dakika, kwa sababu wanatupa mguu mbele sana na kutua goti likiwa limenyooka, kama mtu anayefunga breki kila hatua. Ukipata 160, jaribu 168 kwa kasi ileile: hatua fupi, nyingi, miguu ikitua karibu chini ya nyonga. Ongezeko dogo la asilimia tano hadi kumi linapunguza mzigo unaoliangukia goti. Usilazimishe kufika 180 kwa sababu umesikia namba hiyo mahali; mtu mrefu na mtu mfupi hawana hesabu moja.

Halafu barabara. Kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo mkimbiaji akae kulia, ayaone yanayokuja. Shida ni kwamba barabara za lami huinama kuelekea mtaroni, na mguu mmoja unakuwa chini kuliko mwenzake kilomita nzima. Penye njia ya udongo tambarare, itumie.

## Hatua ya 5: Dakika kumi na tano za nguvu

Kujinyoosha ukiwa baridi kabla ya mbio hakukukingi na majeraha. Nguvu ndiyo inayokinga, na haihitaji jimu. Mara mbili au tatu kwa wiki, nyumbani, fanya mambo matatu.

La kwanza ni ngazi. Simama kwenye ukingo wa kidato, sehemu ya mbele ya miguu juu, visigino vikining'inia hewani, mkono ukigusa ukuta kidogo tu. Panda juu kwa miguu yote miwili. Ondoa mmoja. Sasa shuka kwa mguu uliobaki, taratibu, ukihesabu moja, mbili, tatu, mpaka kisigino kipite chini ya kidato na kigimbi kivutike. Rudia mara 15, badili mguu. Anza na seti moja, fika tatu baada ya mwezi. Daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, alichapisha zoezi hili mwaka 1998 kwa wakimbiaji wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino: seti tatu za 15, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Wewe mzima huhitaji kiasi hicho, lakini siku kano itakapokuja kulalamika, utajua pa kwenda.

La pili, chuchumaa na kuinuka ukiwa umekumbatia ndoo ya maji. Ndoo ya lita 10 ina kilo 10, hiyo ndiyo chuma yako. Mara 10, seti tatu. La tatu, lala chali, kunja magoti, inua nyonga juu ukibana makalio. Ukizoea, fanya kwa mguu mmoja. Nyonga dhaifu huliacha goti liyumbe ndani, na goti ndilo linalolipa deni.

## Hatua ya 6: Kuyasoma maumivu

Hivi karibuni mama mmoja wa kikundi chetu alikuja kabla ya wenzake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo goti limenigomea."

"Ukipanda ngazi au ukishuka?"

"Kushuka. Na nikikaa kwenye daladala mpaka Mbagala, nikiinuka ndiyo balaa."

Majibu hayo mawili yalitosha kunionyesha pa kuanzia. Maumivu kuzunguka kifuniko cha goti, yanayokuja ukishuka au ukikaa muda mrefu umekunja mguu, kwa kawaida ni mzigo uliozidi, na mara nyingi hutulia kwa kupunguza mbio, kuepuka miteremko, kufupisha hatua na kujenga mapaja na nyonga. Hakuhitaji kulala nyumbani. Alitembea wiki mbili, akarudi.

Kipimo changu kwa wote ni kati ya sifuri na kumi. Maumivu yasiyozidi tatu, yasiyokufanya uchechemee, na yaliyokwisha kesho asubuhi: endelea. Yakifika nne au tano, au yakiamka nawe kesho, punguza nusu kwa wiki moja. Ukichechemea, umemaliza siku hiyo, hata kama umebakiza mita mia mbili kufika nyumbani. Tembea.

Muundi una jaribio lake. Pitisha kidole kando ya mfupa kutoka chini ya goti hadi kifundo. Eneo lenye maumivu likiwa refu kama kiganja, yanayopungua ukipasha mwili, hiyo ni misuli na ngozi ya mfupa vinalalamika. Pumzika siku kadhaa na upunguze. Pakiwa mahali pamoja pa ncha ya kidole, ukibonyeza unaruka, na usiku panauma ukiwa umelala, acha kukimbia leo na uende hospitali. Usisubiri kama nilivyosubiri mimi.

Maumivu ya kisigino chini, makali kwenye hatua za kwanza za asubuhi, ni unyayo. Ugumu nyuma ya kisigino asubuhi ni kano. Vyote viwili vinataka zoezi la ngazi na uvumilivu wa miezi. Maumivu upande wa nje wa goti, yanayokuja kila ukifika kilomita ileile, yanataka upunguze umbali ukomee kabla ya hapo na uimarishe nyonga.

Na naomba sana: usimeze diklofenaki au aibuprofeni ili uweze kukimbia. Unazima kengele wakati nyumba inaungua, na ukiwa umekaukiwa maji unaziweka figo hatarini.

Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, moyo ukidunda ovyo: simama, kaa, omba msaada. Kuhusu hilo hakuna kipimo cha kumi.

## Joto, maji, chakula, homa

Pwani, adui ni unyevu wa hewa. Jasho lisipokauka halipozi mwili. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri, na Januari na Februari kubali kwenda taratibu kuliko Julai. Mbio za chini ya saa moja hazihitaji kubeba maji. Kunywa ukisikia kiu, kabla na baada. Kujishindilia maji kupita kiu kwenye mbio ndefu ni hatari, kwa sababu chumvi ya damu inashuka.

Ndizi moja nusu saa kabla inatosha. Kwa siku nzima kula chakula chetu cha kawaida kwa kushiba: wali na maharage, ugali na dagaa, viazi vitamu, mboga za majani. Nawaona wanaokimbia huku wakijinyima ili wapungue haraka, na hao ndio mifupa yao hupata nyufa. Dada, ukiona hedhi imekatika kwa sababu ya mazoezi, hiyo ni alama kwamba mwili hauna chakula cha kutosha. Muone daktari mapema.

Wakati wa Ramadhani, kimbia dakika 20 au 30 nyepesi karibu na futari ili maji yawe karibu, au baada ya tarawehe. Ni mwezi wa kutunza, hakuna haja ya kuongeza. Ukiwa na malaria au homa yoyote, usikimbie. Ukishapona, anza na matembezi kwa siku kadhaa, na rudi nyuma wiki mbili kwenye ratiba.

## Kwa anayefundisha wenzake

Kocha wa watu wazima kazi yake kubwa ni kuzuia. Kaa mwisho wa kundi, si mbele. Ukikaa mbele wataifuata kasi yako. Ukikaa mwisho utaona nani ameanza kuegemea upande mmoja na nani kiatu chake kinapiga kelele kuliko kawaida. Ongoza wimbo. Ukiona sehemu ya mbele haiitikii, wageuze warudi kuwachukua wa nyuma.

Usiwapange kwa umri, wapange kwa miezi waliyokwisha kukimbia. Kijana wa miaka 22 mwenye wiki mbili ni mtoto kwa bibi wa miaka 61 mwenye miaka minne, na naona bora amsikilize yeye kuliko mimi. Mwanachama akitaka marathoni, mwambie mwaka wa kwanza ni kilomita 10, wa pili nusu, wa tatu tuzungumze. Akilalamika, mtajie Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni: shaba ya dunia London mwaka 2017, dhahabu ya dunia Tokyo mwaka 2025, ya kwanza kwa Tanzania, akiwa na saa 2:09:48 sawasawa na Mjerumani Amanal Petros, ambaye Simbu alimshinda kwa kifua tu. Kati ya medali hizo mbili ipo miaka minane.

Kila mmoja awe na daftari la shilingi mia chache. Tarehe, dakika alizokimbia, alilala saa ngapi, na namba moja ya maumivu kati ya sifuri na kumi. Mimi huyapitia madaftari Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukiwa tumekaa kwenye nyasi tunakunywa maji ya madafu. Namba tatu ikijirudia wiki tatu mfululizo kwenye mguu uleule, siongoji ifike tano. Na mtu akikosa Jumamosi mbili bila taarifa, nampigia simu kabla ya ile ya tatu, kwa maana wengi wakiumia huona aibu kusema.